Jibu Nililolipeleka Jambiani

Safari hii ilianza siku ya Jumanne, tarehe 16 Agosti 1955, saa moja na robo ya asubuhi, mlangoni kwetu Malindi, mjini Unguja. Naiandika kwa ajili ya wadogo zangu wawili, waliobaki wakilia kwa sababu hawakuchukuliwa, na kwa ajili ya Mama, ambaye hakuweza kwenda popote kwa kuwa yumo edani.

Sababu ya kuondoka ndiyo hii. Mwezi wa Mei baba yetu, rubani Salim, alianguka na ndege yake baharini akirudi kutoka Pemba. Wavuvi wa Tumbatu waliiona ikishuka. Walileta kipande cha bawa na koti lake; yeye mwenyewe hakuonekana. Kadhi aliwasikiliza mashahidi, na Mama akakaa eda. Lakini Bibi, mama yake Baba, anayekaa Jambiani, alikataa katakata. Ami Seif, ndugu yake Baba, alipompelekea habari alifukuzwa kwa mchi. "Mwanangu hajafa," Bibi alisema, "na atakayemsomea hitima mtu aliye hai, mimi na yeye basi." Mama naye akasema hawezi kumsomea mumewe hitima na huku mama aliyemzaa anakataa. Basi hitima haikusomwa. Nyumba yetu ikawa haina msiba uliokwisha, na haina Baba.

"Nenda wewe," Mama aliniambia. "Uso wako ni wake. Hatakufukuza."

"Nikaseme nini, Mama?"

"Utajua hukohuko."

Mimi kusema siwezi. Skuli mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua vizuri, natazama dawati mpaka achoke amuulize mwengine. Lakini Mama alikuwa ameshika ukingo wa mlango kwa mikono miwili, asivuke kizingiti, nami nikaona haya kukataa.

Saa mbili tulikuwa Darajani, mimi na Mama mkubwa Kazija, dada yake Mama, aliyenisindikiza. Gari la shamba lilikuwa limeshapakiwa magunia ya mchele na mapipa ya mafuta ya taa. Mama mkubwa akalizunguka akitazama magurudumu.

"We Makame, gari yako hii inakwenda kweli, au imekuja hapa kupumzika?"

"Panda, Bi Kazija," dereva alijibu. "Ikikwama nitakushusha wewe tu, itakwenda yenyewe."

Watu walicheka, na Mama mkubwa akacheka kuliko wote. Mimi nilijifunika ukaya wa buibui usoni nikakaa dirishani.

Kisauni, uliko uwanja wa ndege, ipo nje ya njia yetu, lakini tulipoondoka mjini niligeuka upande ule. Huko ndiko Baba alikoanza, akiwa kijana, kwa kusukuma ndege za watu kuziingiza kivulini na kuzifuta vumbi. Aliniambia alikuwa akizifuta polepole makusudi, ili asikie marubani wanasema nini. Baadaye mmoja wao akamfundisha, kisha akaenda Nairobi kusoma, akarudi na kofia iliyomzidi kichwa. Mara moja alitua ufukweni Paje, maji yalipokupwa, kumchukua mwanamke aliyeshindwa kujifungua, akaruka tena mawimbi yakiwa yameshaanza kulamba magurudumu. Watu walipomsifu kwa hilo, yeye alikuwa akisema, "Mimi nilikuwa naogopa mke wangu atasema nimechelewa chakula."

Ndivyo alivyokuwa. Angani hakuogopa kitu, na nyumbani alikuwa mtu wa kumkata kucha mtoto huku ameshika pumzi asimuumize. Kila Alhamisi jioni alitupeleka Forodhani, mdogo wetu begani, mimi nikimshika mkono mpaka nilipokuwa mkubwa na kuanza kuona haya. Aliuacha mkono wake ukining'inia tu upande wangu, nikiutaka niuchukue.

Mimi mwenyewe nilipanda ndege yake mara moja. Niliogopa hata sikutazama chini. Kutoka Unguja mpaka Pemba niliona kisogo chake tu, na vipele vya joto juu ya ukosi wa shati. Tulipotua alimwambia Mama, "Mwanao kaona kisiwa kizima!" Nikanyamaza. Sasa namshukuru Mungu. Kisiwa kipo, nitakiona siku yoyote.

Saa nne na nusu, Kitogani, Makame alisimama kutia maji injini. Mama mkubwa alishuka kununua machungwa. Makame alikuja chini ya dirisha langu, akawa anajifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Mtoto wa Salim," aliniita.

"Naam."

"Ule ujumbe wa bibi yako nliuleta mimi kwenu. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Wiki moja kabla ya kuanguka, Baba alipita chini mno Jambiani. Kila Jumapili alipokwenda kusini alikuwa akikata kona kidogo apite juu ya nyumba ya mama yake, ainamishe bawa, kisha aende zake. Siku ile upepo wa ndege ulirusha usumba wote uliokuwa umeanikwa ufukweni. Usumba ni zile nyuzi za makumbi ya nazi ambazo wanawake wa kule huzisokota kamba. Kazi ya miezi ikatawanyika mpaka baharini. Wanawake wakamjia juu Bibi, naye kwa hasira akamtuma Makame: mwambie Salim asipite tena juu ya nyumba yangu.

"Baba yako alinipa jibu nimpelekee," Makame alisema. "Gari ikaniharibikia. Nilipotengeneza, ikaja habari ya kuanguka. Nikenda Jambiani nikashusha mizigo, nikaona mlango wa bibi yako, miguu ikakataa. Mpaka leo jibu ninalo kifuani. Wewe ulikuwepo, ulisikia. Mwambie wewe."

"Mimi?"

"Nani tena?"

Kutoka hapo njia yote sikuona miti wala watu. Nilikuwa nikiyarudia maneno ya Baba moyoni, na kila nikiyarudia yakizidi uzito.

Adhuhuri tulifika Jambiani. Ardhi yote ni mawe na mchanga mweupe unaoumiza macho. Bibi alikuwa mlangoni, mwembamba, kanga moja kiunoni, nyingine begani. Nikamshika mkono nikaubusu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama usoni muda mrefu, kisha akamgeukia Mama mkubwa. "Kama mmekuja kwa habari za Seif, chakula mtakula, na gari linarudi kesho."

"Tumekuja kukutazama tu, Bi Mize," Mama mkubwa alisema haraka. "Na njaa tunayo."

Tulikula muhogo wa nazi na changu wa kukaanga. Bibi alinichagulia minofu, akaniuliza wadogo zangu wamefika wapi kwa Kurani. Hakumtaja Baba.

Baada ya alasiri alinichukua nyuma ya nyumba. Usumba wake ulikuwa umeanikwa juani, na juu yake ametandika jarife kuukuu, ule wavu mkubwa wa kuvulia, limekazwa kwa mawe pembe zote.

"Kuku wanaparua, Bibi?" niliuliza.

"Kuku gani? Baba yako huyo. Apite chini atakavyo sasa. Haurushi tena."

Nilitazama mawe yale. Aliyachagua makubwa, na hayakuwa mepesi kwa mwanamke wa umri wake kuyabeba. Maneno yakanifika mdomoni, nikayameza.

Jumatano asubuhi maji yalikupwa mpaka mbali. Tuliwafuata wanawake waliokwenda kufukua makumbi. Makumbi huzikwa ndani ya tope la pwani miezi mingi mpaka yalainike, kisha hupigwa kwa rungu yatoe usumba, na kila mmoja hulijua shimo lake kwa mpango wa mawe. Yakifukuliwa yananuka vibaya sana. Mama mkubwa alijifunga kanga puani.

"Mjini hamnuki nyie?" mwanamke mmoja, Bi Pandu, alimpigia kelele. "Njoo ushike rungu upige, upungue hilo tumbo!"

"Tumbo langu nimelilipia kwa wali mwingi, silipotezi kwenu!"

Walikuwa bado wanacheka iliposikika ndege. Cheko lilikatika palepale. Zamani, Bi Pandu aliniambia baadaye, wakisikia mlio ule walikuwa wakipiga vigelegele, "Bi Mize, mwanao huyo!" Sasa kila mmoja aliinamia kazi yake. Ndege ilipita mbali sana upande wa magharibi, ikielekea kusini, ndogo kama nzi. Bibi alisimama, tope likimtiririka viwikoni, akainua mkono mmoja. Akauacha juu mpaka mlio ukapotea.

"Umeona?" aliniambia. "Anajua nipo hapa. Hata kugeuka hataki. Kaninunia."

"Bibi..."

"Mimi ndiye niliyemfukuza. Mwanangu ana moyo mgumu, kanitii. Lakini kununa si kufa. Mtu akinuna, iko siku atacheka. Mimi namngoja acheke."

Hapo nilifahamu. Hakuwa amekosa akili, kama Ami Seif alivyodhani. Alijichagulia mwana aliyekasirika, kwa kuwa huyo anaweza kurudi. Na mimi nilikuwa na maneno ya kumwondolea kosa, na maneno hayohayo yangemwondolea mwana. Nilitamani Mama mkubwa aseme, lakini yeye hakuwepo siku ile nyumbani kwetu. Nilikuwepo mimi.

"Baba hakununa," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ndogo, nikarudia. "Hakununa, Bibi. Makame alipoleta ujumbe wako tulikuwa tunakula. Alicheka mpaka akapaliwa na wali, Mama akampiga mgongoni. Akasema, 'Mama kanifukuza mpaka angani!' Kisha akamwambia Makame, 'Kamwambie sitii. Jumapili ijayo napita, nitapita juu zaidi, na Idi nitakuja mwenyewe nimpigie usumba wote niliomtupia.' Hilo ndilo jibu lake. Makame hakuwahi kulileta."

Bibi alijifuta tope viwikoni.

"Alisema 'sitii'?" aliuliza.

"Ndiyo."

Kwanza alicheka. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, mabega yakatikisika, akasema, "Mtoto huyu! Mtoto huyu!" Wanawake wakainua vichwa. Kisha akakaa chini palepale kwenye tope.

"Jumapili ile hakupita," alisema.

"Hakupita, Bibi."

"Nlikaa nje kutwa nzima."

Nikakaa karibu naye. Buibui langu likaingia tope, sikujali. Akanishika kichwa akakilaza kwenye paja lake, mikono yake ikinuka makumbi, na sote wawili tukalia wazi mbele za watu. Bi Pandu akaacha rungu, akaja akatusimamia upande wa jua, kutukinga.

Alhamisi asubuhi Makame alitukuta watu watatu njiani. Bibi alikuwa amefunga nguo zake kwenye mkeka. Alipopanda, Makame alishindwa kumtazama.

"Jibu nimelipata," Bibi alimwambia. "Endesha."

Saa saba tuliingia Malindi. Mama alikuwa amesimama ndani ya kizingiti. Bibi alikivuka, akamwita "mwanangu", na mlango ukafungwa. Waliyosemezana sikuyasikia, na hata kama ningeyasikia nisingeyaandika.

Ijumaa baada ya alasiri hitima ya Baba ilisomwa. Ukumbi ulijaa mpaka barazani, wakaja na marubani wenzake, wamevaa kanzu, hawajui pa kuweka miguu yao mirefu. Bibi alikaa jikoni na wanawake, akisimulia Salim alivyokuwa mdogo, alivyokuwa akiruka kutoka juu ya paa la choo na mbeleko ya mama yake mgongoni. Niliyojifunza safari hii ni haya. Nilidhani huzuni ya Bibi ni ukaidi, na kimya changu ni adabu. Na Baba nilidhani nimempoteza peke yangu, kumbe kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake, na tulikuwa tunanyimana.

Jumamosi asubuhi niliosha masinia tuliyoazima kwa majirani na kuyarudisha, nyumba kwa nyumba, peke yangu. Katika kila mlango waliniambia, "Mungu amrehemu baba yako." Tangu Mei, kila niliposikia maneno hayo nilitazama chini nikapita. Safari hii nilisimama, sinia mkononi, nikawatazama usoni nikajibu, "Amin."