Turubai la Msikiti wa Jomvu

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si jirani yangu wala binamu wa jirani. Ukiamini, vyema. Ukikataa sitagombana nawe, umri wa kugombana umenipita. Nitakueleza polepole, usiwe na haraka, utanifuata tu.

Ilikuwa miaka ya arubaini, vita vikipiganwa mbali na bandari yetu ikijaa meli. Nilikuwa tarishi wa pikipiki. Nilitoa karatasi ofisini Kilindini nikazipeleka mpaka Mazeras, nikarudi, siku sita kwa juma. Kwangu kulikuwa Changamwe.

Kazi hiyo ilinifundisha kukaa mkavu. Sikiliza, huenda ikakufaa. Juu ya pikipiki mvua haikupigi kutoka juu, inakupiga kutoka mbele, kwa kuwa wewe ndiye unayeiendea. Basi linda kifua kwanza. Tia magazeti ndani ya shati, juu yake vaa koti la turubai ulilolisugua kwa mshumaa. Miguuni, kata mpira wa ndani wa tairi la lori, uuvae kama soksi. Shingo uifunge kitambaa, maana maji hupenda kuingilia shingoni. Mgongo usikusumbue. Mgongo ndio hulowa mwisho.

Siku hiyo sikuwa na koti. Mke wangu, Mwanaisha, alikuwa na siku tisa tangu kumzaa Saumu wetu, na homa ilikuwa imemlaza. Makuti yetu yalikuwa yakivuja juu ya kitanda chake, kwa hiyo nililitandika koti darini nikaenda kazini na shati tupu. Asubuhi ile aliniangalia akaniita kwa jina la kakake aliyekufa. Unajua maana ya mgonjwa kuita maiti? Mimi nilijua, na nikaondoka hivyo hivyo, kwa sababu huko juu Mazeras kulikuwa na dresa wa zahanati aliyeniahidi dawa.

Dresa alinipa unga mweupe, umekunjwa katika vipande sita vya karatasi. Akaniambia, "Cha kwanza anywe kabla jua halijatua. Na visiguse maji, bwana. Vikilowa huna dawa, una uji."

Nikavitia mfukoni mwa shati, juu ya moyo, nikateremka mbio.

Mvua ilinishika Jomvu. Si manyunyu, ni ile mvua ya masika inayoufunga mchana kama mlango. Nikaacha barabara nikakimbilia baraza ya kimsikiti kidogo kilichokuwa karibu na njia. Watu walikuwa wameshasali alasiri wakatawanyika. Nikasimama pale, mkono kifuani, nikingoja. Nikangoja sana. Jua sikuliona, lakini nilijua linakwenda.

Nikainua macho. Juu, kwenye boriti, palikuwa pamewekwa jeneza la mji, lile ambalo kila maiti hubebwa kwalo mpaka makaburini. Na juu ya jeneza palikunjwa turubai jeusi, zito, limepakwa mafuta. Kazi yake ni kumfunika maiti asinyeshewe siku ya mvua.

Nisikudanganye kwamba sikujua ni kitu gani. Nilijua. Nikasema kwa sauti, "Naazima. Kesho alfajiri nitalirudisha." Hapakuwa na mtu wa kunijibu. Nikalishusha, nikajitanda, nikalifunga shingoni kwa kamba yake, nikapiga pikipiki teke.

Niamini, sijapata kuwa mkavu vile maishani mwangu. Maji yalikuwa yakigawanyika mbele yangu. Hata magoti, hata shingo, havikuguswa na tone. Nikacheka peke yangu njiani kama mjinga.

Kisha pikipiki ikawa nzito. Unajua ukipakia mtu nyuma, gurudumu linavyozama na mlio unavyobadilika? Ndivyo ilivyokuwa. Nikatazama tairi, limejaa upepo. Nikaendelea, mlima mdogo ukanishinda mpaka nikasukuma kwa miguu.

Mbele nikampita mama mmoja amejitwika kuni. Aliponiona aliutua mzigo matopeni, akasimama kando na kichwa chake ameinamisha. Nikashangaa, nikapita. Halafu wanaume watatu waliojibanza chini ya kibanda cha mhogo wakainuka wote pamoja. Wewe ni mtu wa pwani, huhitaji kuelezwa watu husimamia nini njiani. Mmoja alitoka mvuani akanyoosha bega, akaja mbio nyuma yangu hatua saba, kama anayetaka kupokea. Kisha akaacha, akabaki ananitazama.

Hapo baridi ikaniingia, na bado nilikuwa mkavu.

Kwenye njia panda ya kwetu palikuwa na banda la chai la makuli wa bandarini. Wote walikuwa wamesimama, vikombe mkononi. Akatoka rafiki yangu Bakari, mzaliwa wa Jomvu, kuli wa melini, mtu ambaye hangeweza kukaa kitako bila kumchokoza mwenziwe.

"Yakhe tarishi! Umetusimamisha bure, chai imepoa! Wallahi tulidhani ni jeneza linapita. Nikawaambia, maiti gani huyu ana haraka hivi, anakwenda kwa moto!"

Wenziwe wakacheka, lakini si sana.

"Na huyo uliyempakia kakushukia wapi?" akauliza.

"Sikupakia mtu."

"Haya. Shemeji hajambo?"

Ndipo nilipoelewa, na wewe nadhani umeshaelewa. Turubai lile halitoki msikitini kwa matembezi. Likitoka, limekwenda nyumba fulani kumchukua mtu. Na mimi nilikuwa nimelivaa, nimelipandisha pikipiki, na ninalipeleka nyumbani kwangu.

Nikafungua kamba yake shingoni haraka.

"Unalivua? Vizuri, wewe umeshafika. Nipe mimi, naingia zamu, nitalowa mpaka mifupa."

"Nina dawa ya Mwanaisha," nikasema. "Isilowe."

Akatoa kijikopo chake cha tumbaku, akaimwaga tumbaku yote chini, akakipangusa kwa shati lake. "Tia humu. Nenda kwa mkeo, yakhe. Atapona, usijitie unyonge." Akalichukua turubai mikononi mwangu akajitanda, akageuka mbele ya wenziwe kama bibi harusi, wakapiga vigelegele.

Je, ningeweza kumwambia? Maneno yalikuwa mafupi: la jeneza hilo, litupe. Yalikuwa kwenye ulimi. Nikayameza. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na mke, na pikipiki ilikuwa imerudi kuwa nyepesi. Nikaondoka.

Nilifika nimelowa chepechepe, jua halijatua. Dawa ilikuwa kavu kama ilivyotoka kwa dresa. Mwanaisha alikunywa cha kwanza, na usiku jasho likamtoka, na alfajiri akaniita kwa jina langu.

Alfajiri hiyo hiyo wakaja kuniambia kwamba kamba ya winchi ya kupakulia mizigo ilikatika melini, magunia yakamwangukia Bakari, naye bado amejitanda turubai lile.

Tulimzika Jomvu, kwao. Mvua haikukoma. Nilitia bega langu kwenye jeneza, na mbele ya macho yangu palikuwa na turubai lile lile. Nililijua kwa tundu lililoungua ukingoni, pale lilipogusa bomba la moshi la pikipiki yangu. Mzee aliyetunza msikiti alikuwa akitembea kando yangu.

"Hili turubai nililitafuta jana tangu magharibi," akaninong'oneza. "Kumbe limeshatangulia kwa mwenyewe."

Nikalihamishia jeneza bega la pili. Ukweli sikumwambia mtu mpaka leo, na Mwanaisha ametangulia mwaka juzi akiwa bibi wa wajukuu tisa, bila kujua uhai wake ulinunuliwa kwa bei gani.

Lakini jambo moja alilijua. Tangu maziko yale nimeendesha pikipiki katika masika nyingi, na sikujifunika tena kwa kitu chochote. Nililowa kichwa, kifua, miguu. Nikifika nyumbani Mwanaisha alikuwa akinivua shati, na kila mara mkono wake ulisimama mgongoni. Pakavu. Mahali papana kama kifua cha mtu, pakavu na penye vuguvugu.

"Baba Saumu," alikuwa akiniuliza, "umempakia nani leo?"

Nilikuwa nikimjibu kwamba mgongo ndio hulowa mwisho. Mwenyewe najua ni nani. Nilimwacha aende, naye bado ananikinga mvua. Angenichukia, ningepumzika.

Basi wewe unayepanda pikipiki, nakuomba kama mwanangu. Mvua ikikukuta, lowa. Mwili hukauka. Cha maiti kiache mahali pake, hata uwe na haja gani. Na kama umeshakichukua, kibebe mwenyewe mpaka ukirudishe, usimpe rafiki. Hasa rafiki anayekuomba huku anacheka.

Kijikopo cha tumbaku ninacho. Kikifunguliwa bado kinanuka.