Ingénieur Trésor alihamisha kompyuta yetu sawa vile chef alihamisha quartier yetu

Bakubwa wa humu, jambo yenu. Mi nimesoma kidogo, mutavumilia maandiko. Lakini uongo hakuna, na majina nitataja, juu benyewe bangali bazima, banatembea Kolwezi na viatu vya kung'aa.

Mi na bibi yangu wa ndoa, Mama Noëlla, tulikuwa na atelier ya broderie, kazi ya kutarizi alama ku nguo. Machine moja, na kompyuta ya zamani ya kuiongoza, ile yenye tumbo nyuma. Ndani mulikuwa programu ya broderie na michoro yote bibi alichora tangu ujana: alama za nguo za shule, za kwaya, za bamama ba parokia.

Bila ile programu, machine ni meza ya chuma tu.

Kisha batu ba kampuni ya migodi bakavumbua kama chini ya nyumba zetu kuko shaba. (Ilikuwako siku zote. Tulikuwa tunalala juu yake na njaa.)

Chef wa quartier, mukubwa wa mutaa wetu, Mwilambwe, akatukusanya:

"Bandugu, hii si kufukuzwa. Ni kuhamishwa."

Nyuma yake bulldozer ilikuwa inanguruma.

Mupwa wake, Ingénieur Trésor, akaingia kwetu amevaa costume na tai.

"Tata Noëlla, hii kompyuta ni ya wakati wa Babelgiji! Munahama nyumba, muhamishe na programu. Mi niko hapa."

Akatuuzisha laptop. Akachomeka ka-flash ku kompyuta ya zamani, akabonyeza, akachomoa, akakachomeka ku laptop. Ku laptop kapicha ka programu kakatokea, na kamushale ku pembe.

Bibi akauliza kamushale ni ya nini.

"Mama, kanaonesha programu iko njiani, inakuya."

"Basi fungua tuone."

"Weye unafungua zawadi mbele ya sherehe?"

Majirani ku mulango bakacheka.

Ile ya zamani Trésor alibeba yeye mwenyewe, eti anatusaidia kuitupa. Kwetu huku, kitu chenye waya wa shaba ndani hakitupwi: kinapanda ku kilo, kinauzishwa. Négociant, mununuzi wa shaba, aliipasua na nyundo mbele ya jua kuzama.

Tukafika ku "quartier mupya". Bakubwa, kulikuwa majani, na kibao cha jina la avenue yetu kimesimikwa ndani ya majani. Nyumba hata moja hakuna.

Bibi akafungua laptop chini ya kile kibao. Akabonyeza kapicha. Ikaandika haioni kitu.

Njo tukaelewa. Chef alihamisha kibao. Mupwa alihamisha kapicha, programu yenyewe ilibakia ndani ya ile iliyopasuliwa. Jamaa moja, kazi moja.

Leo juu ya machine tunaanika mihogo. Bibi anashona na mukono.

Juzi Trésor akakuya tena na mashati meupe.

"Mama Noëlla, nimefungua bureau. Niwekee alama yangu ku mifuko ya haya mashati."

"Acha mashati hapa. Rudia siku ya posho, Jumamosi."

Akarudi. Ku kila mufuko bibi alikuwa amebandika kapicha ka karatasi ka ile alama, na kamushale ku pembe.

"Mama, nini hii? Broderie iko wapi?"

Bibi hakuinua hata macho.

"Iko njiani, Ingénieur. Bonyeza mara mbili."

Alitoka na mashati yake bila kuaga.

Fundisho langu ni moja: mutu akikuambia amekuhamishia kitu, afungue mbele yako, cha zamani kingali mukononi. Michoro ya bibi haikurudi, na hairudi.

Nyinyi benye mulihamishwa, semeni hapa chini: balibapatia nyumba, ao kibao?