Jumatatu Niko na Mtihani, na Yieyo Anataka Kumtoa Mtoto Wangu Meno

Hamjambo nyote. Jina langu msiulize, na hata la mtoto nimebadilisha, kwa sababu Kitengela ni ndogo na mashemeji wangu wote husoma huu ukurasa. Niko na miaka ishirini na tatu, nimeolewa, tunaishi nyumba ya kupanga huku Noonkopir, na niko na msichana wa miezi saba, tumwite Naserian. Nasomea kazi ya afya kwa chuo kimoja hapa mjini. Jumatatu ni mtihani wa biolojia ya mwili: mifumo yote, ya damu, ya pumzi, ya chakula, na magonjwa ya kuambukiza. Mwaka jana niliukosa kwa sababu ya mimba. Chuo wamesema nikiukosa tena nikae nyumbani.

Mume wangu ni Mmaasai wa upande wa Isinya, mimi kwetu ni Magharibi. Mimba ilipokuwa kubwa mama yake alikuja kukaa na sisi. Namwita yieyo, yaani mama, na sitawadanganya, huyo mama ananipenda. Nikilala na kitabu kifuani ananifunika. Hajaona darasa hata siku moja, lakini nikisoma kwa sauti nikifua nepi, yeye husikiliza. "Sasa hiyo chakula imefika wapi?" ananiuliza. Namwambia imefika utumbo mdogo. "Na bado haijatoka? Hiyo barabara ni ndefu kuliko ya kwenda Ewuaso!" Tunacheka mpaka mtoto anaamka. Siku moja nikamwonyesha mchoro wa taya ya mtoto mchanga, vile meno hukaa ndani ya ufizi yakingoja kutoka. Aliangalia hiyo picha sana. Nilidhani ameipenda tu.

Wiki iliyopita Naserian akaanza kuhara, na joto juu. Nilimpeleka zahanati, wakaniambia ni maji, haya tunauziwa kwa mitungi, niwe nachemsha, wakanipa ile dawa ya unga ya kukoroga. Nikamwonyesha yieyo vile atampa, nikaenda darasani. Kurudi mchana nakuta mama mgeni ameketi kwa kitanda changu, mtoto wangu amelazwa mapajani mwake, na mkononi ako na sipoki ya baiskeli imenolewa. Wenye wanajua wameshajua. Kwa wale hamjui, kuna watu huku huamini mtoto akihara ni meno ya chini, yale hayajatoka, ndiyo yanaharibu tumbo. Wanapasua ufizi wanayachimbua, mtoto akiwa macho.

Nilimnyakua mtoto hata mkoba sijaweka chini.

Yule mgeni akacheka. "Mama Naserian, si utulie, ni kitu ya dakika moja. Hata wewe ningekutoa ukiwa mdogo, saa hii ungekuwa na adabu."

Nikamwambia, "Rudisha hiyo chuma kwa baiskeli."

Yieyo hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Alisema pole pole, "Nimelea saba hivyo. Hata bwanako alitolewa. Ako na meno ama hana?"

"Ako nayo, yieyo, na ndiyo humaliza nyama yote kwa hii nyumba."

Nilitaka kumuuliza juu ya wale watoto wake wengine wawili alizika wakiwa wadogo. Nikafunga mdomo. Kuna vitu hauambii mama, hata ukiwa na hasira namna gani.

Jioni mume wangu akarudi. Yieyo akachukua kitabu changu, akafungua ile picha, akampatia. "Ona mwenyewe. Hata kitabu yake inasema meno iko huko chini imejificha. Mimi sijasoma na nilijua."

Bwanangu akaangalia picha, akaniangalia. "Sasa shida yako iko wapi?"

Nikamweleza kwamba kila mtoto huzaliwa na hayo meno ndani, si ugonjwa. Kuhara ni vijidudu, na vinaingilia mdomoni na maji. Lakini ukichimba ufizi na chuma chafu, hapo umefungulia vijidudu vingine mlango mpaka kwa damu, na kuna watoto hawarudi. Akanijibu, "Mtihani haujafanya na tayari unafundisha mamangu?" Halafu akaweka sheria: Jumatatu mtoto abaki na nyanya yake. Nikimpeleka kwa mtu mwingine nitakuwa nimemwaibisha mamake, na nisirudi.

Kuhara kumeisha sasa. Yieyo anasema imejificha tu, meno yakiwa bado iko itarudi. Na nimesikia akimwambia yule mgeni aje tena Jumatatu nikishatoka.

Jirani yangu Mama Halima, Msomali mwenye duka la nguo, ameniambia, "Dada, mlete hapa. Atalala kwa shuka mpya na hakuna mtu atamguza."

Naandika hii nikiwa cyber na mtoto mgongoni, kwa maana simwachi tena hata nikienda choo. Nimechoka jamani. Nasoma figo nikinyonyesha, nasoma mapafu nikipika ugali. Lakini msiniambie niahirishe mtihani, hiyo sijauliza. Nitaufanya. Na msiniambie ni mila nivumilie, huu ufizi ni wa mtoto wangu na hakuna mtu ataupasua nikiwa hai. Bwanangu akitaka kufunga mlango, afunge. Jumatatu Naserian anaenda kwa Mama Halima, na mimi naenda kuandika.

Mimi nauliza kitu moja tu. Hiyo asubuhi nikibeba mtoto nitoke, yieyo atasimama pale, anyooshe mikono nimpe. Na hiyo mikono ndiyo ilimpokea Naserian akizaliwa, kabla hata mimi sijamwona. Nishaurini, ndugu zangu: hapo mlangoni, nimwambie nini?