Jina Lililofutwa kwenye Biblia ya Babu

Atakayesema nilikuwa na usingizi, aseme. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua linawaka, nami nimeshuka tu kwenye gari pale Nkome. Nilimwona kwa macho haya haya.

Babu yangu, aliyekuwa katekista Ushirombo, aliacha wosia kwamba shamba lake wagawane wale aliowaandika kwenye Biblia zake mbili, na baada yao watoto wao. Biblia moja alikaa nayo baba. Ndani yake kuna jina lake, Yakobo, na chini yake mstari uliofutwa kwa wino mzito. Tuliambiwa ni kichanga kilichokufa. Ya pili alikuwa nayo Monika, mke wa mvuvi huko Nkome. Huyo naye tuliambiwa ni yatima tu, babu alimlea.

Baba alipofariki, wazee wa ukoo walisema hawagawi kitu mpaka wazione Biblia zote mbili. Kaka yangu mkubwa, Deo, akanituma mimi. Alisema wanawake tunaelewana.

Wauza dagaa walinionyesha nyumba ya Monika kwa kidole tu. Nje ameketi bibi mmoja, gauni la bluu, kitambaa cheupe kichwani. Nikapiga magoti, nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

"Wewe ni wa Yakobo," alisema. "Mwenyewe kashindwa kuja?"

Nikamwambia baba amefariki. Hakushtuka. Alifungua kitenge mapajani, akatoa Biblia, akaweka kidole kwenye mwandiko wa babu. Yakobo. Chini yake, Monika binti yangu. Hakuna doa la wino.

Nilikuwa mbele ya shangazi yangu wa damu, na sikuwahi kumwita hivyo.

"Baba yako alipokuwa anafuta jina kwenye ile yake, mimi ndiye niliyemshikia taa," alisema. "Sikujua kusoma. Nilidhani ananiandika."

Akanikabidhi Biblia. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama samaki aliyetolewa kwenye barafu. Akasema nikawaonyeshe, akainuka, akaingia ndani.

Nilisubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Jirani mmoja akapita na beseni, akauliza namsubiri nani. Nikamjibu, Monika. Akaliweka beseni chini taratibu.

"Dada, Mama Tabu tumemzika tangu masika."

Niligeuka. Mlango ulikuwa na kufuli, na kufuli lina kutu. Lakini Biblia ilikuwa mikononi mwangu, niaminini. Jirani naye aliiona. Akaniambia Tabu, mtoto pekee wa marehemu, anaponda mawe ya dhahabu huko Geita.

Deo aliusoma ule ukurasa amesimama jikoni. Akauliza nani mwingine ameuona. Nikasema hakuna mtu wa kwetu. Akaitumbukiza Biblia kwenye moto chini ya sufuria ya maharage. Je, nilipiga kelele? Hapana. Nilinyamaza, maana nilijua mafungu yakipungua, na langu linakua. Wazee waliambiwa haikupatikana, wakakubali kugawa kwa ile moja.

Siku ya kugawa, Deo alisema mbele ya wote kwamba mimi nimeolewa, shamba langu liko kwa mume wangu. Hakuna aliyenitetea. Ningemwambia nani, na mimi niliuficha ule moto?

Nilimtafuta Tabu mpaka nikampata, uso mweupe kwa vumbi la mawe. Nilimweleza yote, hata ule moto. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu, mama yake alikuwa amevaa nini. Nikamwambia.

"Ndivyo tulivyomzika," alisema, akaokota nyundo yake, akaendelea na kazi.

Nimerudi Nkome mara mbili, nikakaa pale nje mpaka jua likazama. Hatoki mtu. Wewe unayenisikia, kama kwenu kuna jina limefutwa na ukapewa ulionyeshe, usilipeleke kwa yule anayekula kwa kufutwa kwake. Mimi nililipeleka, na shangazi aliyenikabidhi hanifungulii tena.