Aliyeniita kwa Jina Kwenye Mawe ya Shetani

Nilipokuwa mtoto pale Kitengela, miaka ya tisini, baba hakuwahi kuniita Mueni. Hilo ni jina la mama yake, na kwetu Wakamba mtoto aliyepewa jina la nyanya huheshimiwa kama nyanya mwenyewe. Kwa hiyo baba, mzee wa kanisa ambaye watoto wa jirani walimkimbia, aliniita mwaitu, yaani mama yangu. Nilijivunia jina hilo kupita kiasi.

Likizo moja aliazima pikapu anipeleke kuona mawe ya Shetani, kule mbele ya Kimana, chini ya vilima vya Chyulu. Kabla hatujaondoka nyanya alinishika mkono. Alisema moto ulipotoka ardhini zamani ulifunika watu na ng'ombe wao, na watu hao bado wanaita.

"Ukisikia jina lako huko, usiitike. Wala usilifuate."

Baba alicheka, akasema hayo ni mambo ya kabla ya Biblia.

Tulipanda kilima mpaka juu. Kilimanjaro ilionekana nyeupe, na chini yetu mawe meusi yalitanda kama shamba lililoungua. Baba alishuka kidogo kuangalia gari, akaniambia nisitoke hapo. Ndipo ukungu ukaingia, mchana kweupe, nisione hata viatu vyangu.

"Mueni."

Ilikuwa sauti ya upole, na ilitoka mbele yangu. Nilitamani kuitika, maana mtoto aliyeogopa huitikia yeyote, nikajiziba mdomo kwa mikono miwili. Ikaita tena, karibu zaidi, na miguu yangu ikaanza kuifuata.

"Mwaitu! We mwaitu, uko wapi?"

Hiyo ilitoka nyuma. Niligeuka nikakimbia nikilia mpaka nikagonga tumbo la baba. Ukungu ulipoinuka tukaona shimo, mbele kidogo tu ya pale nilipokuwa nimefika.

Nilimuuliza kwa nini leo aliniita kwa jina.

"Sijakuita kwa jina," alisema. "Niliwahi lini?"

Hakucheka tena mpaka tukafika nyumbani.

Nimesoma mambo ya volkano. Najua upepo hubeba sauti, na akina Mueni ni wengi. Huenda mmoja wao alikuwa kilimani siku ile. Ndivyo ninavyowaambia watoto wangu wanaponiomba twende, na bado siwapeleki. Baba tulimzika mwaka jana. Sasa kila anayenipenda ananiita Mueni, na kule kwenye ukungu sijui ningemtofautishaje na yule aliyeniita kutoka upande wa shimo.