Hasi Nne

Darasa la saba nilimaliza, sikuchaguliwa. Hesabu ninazozijua nilifundishwa na fundi mmoja wa Ikwiriri, marehemu sasa, aliyetengeneza amplifaya za misikiti. Aliniandikia kwa mkaa juu ya meza hesabu ya kikuzaji kinachogeuza: gawanya rezista ya kurudishia kwa rezista ya kuingilia, zidisha kwa volti inayoingia, kisha weka hasi mbele. "Hasi usiisahau," alisema. "Ukiingiza juu, inatoka chini. Ndiyo tabia yake."

Sikuisahau. Waliosahau nitawataja kwa vyeo. Majina yao kijiji kizima kinayajua.

Kibanda changu cha redio kipo Kibiti, lakini kila msimu wa mpunga nilikifunga nikahamia bondeni kwa kaka yangu. Tulikaa dunguni, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, tukiamia ndege na kufukuza nguruwe mpaka mavuno. Mto wenyewe haukututisha, tulikuwa tunauona. Cha kuogopa ni mfereji wa nyuma. Maji hupita huko kwanza, kimyakimya, na ukigeuka njia ya nyumbani haipo.

Basi ukaletwa mradi wa king'ora cha mafuriko. Mtaalamu, kijana wa Dar es Salaam, alikuja na kisanduku na kijiti cha kusimikwa mferejini. Alieleza vizuri, hilo simnyimi. Maji yakigusa alama nyekundu, kijiti kinatoa sifuri nukta nne ya volti. Aisii, kidude cheusi chenye miguu minane, inaikuza. Swichi ikipata volti tatu chanya, king'ora kinalia. Mimi niliitwa nimshikie kisanduku akifunga nyaya, nikachungulia ndani. Waya wa kijiti uliingia mguu wa pili wa aisii, ule unaogeuza chanya kuwa hasi. Rezista ya kuingilia ilikuwa na mistari ya kahawia, nyeusi, chungwa: kilo-omu kumi. Ya kurudishia kahawia, nyeusi, njano: kilo mia. Mia kwa kumi ni kumi. Kumi mara nukta nne ni nne. Weka hasi.

"Mtaalamu," nikamwambia, "hapa inatoka hasi nne. Swichi yako inataka chanya."

"Nne si inazidi tatu, mzee wangu?"

"Inazidi kwenda chini."

Akacheka. "Fundi, hiki si kisanduku cha taarabu. Hiyo hasi ni ya kwenye daftari."

"Basi tuchovye kijiti kwenye ndoo tuone."

Mwenyekiti wa kijiji akanivuta mkono. Ubwabwa wa uzinduzi ulikuwa umeshapakuliwa, shehe ameshakaa. "Mgeni hasahihishwi mbele ya sahani," akaninong'oneza. "Usitutie aibu."

Mtaalamu akabonyeza kitufe cha majaribio, kilichounganishwa moja kwa moja na king'ora bila kupitia aisii. Kikalia. Wanawake wakapiga vigelegele. Kifuniko kikafungwa, ubani ukafukizwa, fatiha ikasomwa. Kwetu kitu kikishasomewa hakifunguliwi. Anayekifungua anakitia nuksi. Kesho yake nilipoomba ufunguo, Mwenyekiti aliniuliza, "Unataka kufungua dua za watu?" Kaka naye akanicheka. "Wivu wa mafundi huo, mdogo wangu. Chukua jembe twende."

Nikachukua jembe. Kwa hiyo na mimi nimo.

Zamani kila asubuhi mmoja wetu alikwenda kutazama mfereji. Tulipopata king'ora tuliacha.

Maji yalikuja baada ya adhuhuri. Mimi nilikuwa dunguni napika, kaka yuko shambani. Nilichokiona kwanza ni panya wakipanda miguu ya dungu. Nikamwita. Akaanza kuja, maji yako magotini, kisha kiunoni. Dungu likalala ubavu, mimi nikadaka tawi la mkuyu. Yeye hakupata cha kudaka. Nilikaa mtini mpaka mtumbwi uliponifikia, na kutoka pale nilikuwa nakiona kisanduku juu ya nguzo yake, kikavu, taa ya kijani inawaka, kimya.

Tulimzika siku ya tatu.

Arobaini ilipopita, Mwenyekiti alikileta kisanduku Kibiti mwenyewe, pamoja na kijiti chake, amevifunga kwenye kitenge. Mtaalamu alikuwa hapokei simu.

"Fundi, kimeharibika."

"Hakijaharibika."

Nikachovya kijiti kwenye ndoo, nikaweka mita mbele ya macho yake. Hasi tatu nukta tisa na kitu, maana rezista haziwi kamili kama rangi zake zinavyosema. Nikamwonyesha pia kwamba aisii ile ina vikuzaji viwili ndani, na cha pili kilikaa bure. Nikakiunganisha kwa rezista mbili za kilo kumi. Kumi kwa kumi ni moja, weka hasi: hasi nne ikiingia inatoka nne chanya. Kazi ya muda wa kuchemsha chai. Kwa nini sikuifanya siku ile, Mwenyekiti alijua.

Tulipokirudisha kijijini, shehe aliinua mikono asome. Nikamwambia, "Shehe wangu, samahani. Ndoo kwanza." Hakuna aliyenivuta mkono. Mwenyekiti mwenyewe akaenda kuteka maji.

Nilichovya kijiti mpaka kwenye alama nyekundu, king'ora kikalia. Safari hii hapakuwa na vigelegele. Shemeji yangu, mke wa kaka, alikuwa anapeta mpunga uani kwake, hatua chache kutoka pale. Akasimama na ungo mkononi, akasikiliza, akaingia ndani akafunga mlango. Nikakitoa kijiti majini.