Maski za Picha

Angeline Akumu hupiga msasa mabodi ya faiba katika gereji moja upande wa Kiplombe. Alikuja Eldoret kutoka Siaya akiwa ameolewa na fundi wa kuchomelea vyuma wa gereji hiyo. Mume alipomwacha na kwenda zake Kisumu, Akumu alibaki na mtoto wao, Brian, akaomba kazi katika gereji ileile. Wakampa msasa, kazi ambayo wanaume huikwepa.

Huikwepa kwa sababu faiba ni nyuzi za kioo. Ukiisugua kavu inatoa vumbi jepesi kama unga, na likishaingia kwenye ngozi hata kuoga hakulitoi lote. Akumu alizoea kubadilisha nguo nje ya mlango kabla ya kumbeba mtoto, kwa maana kuna siku Brian alilalia sweta yake akaamka shingo imejaa vipele. Kila alipomwomba mwenye gereji, Antony Kinyanjui, awaletee maski, aliambiwa ajifunge leso puani.

Mwaka huu, mvua ilipokaribia, likaletwa gari la kubeba maziwa kutoka Moiben. Bodi yake ya faiba ilikuwa imepauka na kuchanika nyufa nyembamba. Akumu aliiosha mpaka mafuta na nta zikaisha, akaziba nyufa kwa fila, kisha akaanza kuilainisha ili praima, ile rangi ya kwanza, ishike. Akiwa katikati ya kazi hiyo, wageni wa shirika moja linalosaidia gereji ndogo wakafika na katoni ya maski nzuri, zile zenye vichujio pembeni.

Kinyanjui aligawa maski kwa mkono wake mwenyewe. Wafanyakazi wakazivaa, wakapangwa mbele ya gari, wakapigwa picha. Akumu aliwekwa katikati kwa sababu ni mwanamke. Wageni walipoingia ofisini kunywa soda, Kinyanjui akarudi na katoni.

"Haya, rudisheni. Zisichafuke."

Javan, mpiga rangi, akavua yake akaitumbukiza. Wengine wakafuata. Akumu akaendelea kusugua akiwa ameivaa.

"Mama Brian, nimesema rudisha."

"Kwani Mzee, hizi zililetwa zivaliwe na nani?"

"Kuna wageni wengine watakuja. Hizo ni mali ya gereji."

"Na kifua changu ni mali ya nani?"

Kinyanjui akanyoosha mkono kumvua. Hapo ndipo Akumu alipouangusha msasa. Alimpita tajiri wake, akaingia ofisini mavumbi yakiwa mpaka kwenye kope, akamwuliza kiongozi wa wageni, Mwihaki, kama maski zile walipewa watu au ilipewa picha. Mwihaki aliweka soda chini, akamtazama Kinyanjui. Kinyanjui akacheka, akasema huyu mama hupenda mzaha. Wageni nao wakacheka kidogo, wakaaga. Kicheko hicho kilimuuma Akumu kuliko vumbi.

Kesho yake alizuiwa langoni. Alienda nyumbani na maski yake mfukoni, akiwa amekasirika hata akashindwa kula. Alimkasirikia Kinyanjui, lakini Javan alimuudhi zaidi. Walikuwa wamekohoa pamoja muda mrefu, na sasa alikuwa amekaa kimya.

Kumbe Javan naye hakulala vizuri. Alipoambiwa amalizie kusugua gari la maziwa, alifunga leso, akasugua kidogo, akakohoa mpaka akakaa chini. Akamwambia Kinyanjui hatapaka rangi juu ya bodi ambayo hajaitengeneza Akumu, na hatasugua tena bila maski. Mafundi wengine nao wakaweka vifaa chini. Mwenye gari akawa anapiga simu kila saa. Kufikia jioni Kinyanjui alikuwa amegawa maski tena na kukubali Akumu arudi, na Javan alikuwa mlangoni kwa Akumu.

"Rudi, dada. Nilikosea kunyamaza."

"Ulikosea sana," Akumu akamjibu, bila kumkaribisha ndani.

Lakini asubuhi alirudi kazini, maana Brian lazima ale. Siku hizi kila mtu ana maski yake, na faiba husuguliwa kwa maji. Wateja wakisifu, Kinyanjui huwaambia ni yeye aliyeona haja ya kulinda afya ya watu wake. Akumu husikia maneno hayo akiwa ameinama kwenye bodi. Hajawahi kuombwa msamaha, na hajasamehe.